Kamba ya Uwanja wa Baleni

Uwanja wa mpira wa Baleni haukuwahi kuwa na mlango. Uliingiwa popote: na wachezaji, na mbuzi, na wanawake wanaokata njia kwenda mashambani. Mtu mmoja tu aliuheshimu kama kitu chenye mipaka, naye ni Shamte, mkulima wa mihogo aliyevuka miaka sitini. Kila siku ya mechi alichomeka vigingi, akavuta uzi, akamimina chokaa kwa kopo lililotobolewa huku akirudi kinyumenyume. Wakati wa mapumziko aliingia tena kupaka palipofutwa na miguu. Mstari wa Shamte, watu walisema, haubishiwi.

Mwaka ule wa corona, chanjo ilipofika kisiwani kwao, wengi walisita. Shamte hakusita, alikataa. Mkewe, Mwanamkuu, alifariki miaka sita nyuma, siku ileile aliyochomwa sindano ya homa. Zahanati walisema malaria ilikwisha kupanda kichwani. Yeye hakubishana nao. "Sindano ilimkuta hai," alisema, na hapo akafunga maneno. Binti yao Arafa alitoka kwenye msiba uleule akashika njia nyingine: akawa mhudumu wa afya wa kijiji, na daftari la waliochanjwa likawa mikononi mwake. Baba na mwana walikula sinia moja kila siku bila kulitaja jambo hilo.

Fainali na Kiegeani, kijiji jirani, ilipokaribia, kamati ya mpira iliita mkutano. Mwenyekiti, Mudrik, akasema asiye na kadi ya chanjo haingii uwanjani.

"Haingii wapi, mwenyekiti?" akauliza Pazi, mkaanga samaki. "Uwanja wenyewe hauna ukuta."

"Tutazungusha kamba."

"Na hiyo corona ikifika kambani itapiga hodi?"

Watu wakacheka, mpaka bibi mmoja alipowakumbusha kwamba Mudrik kamzika kaka yake kwa ugonjwa huo. Kicheko kikafa. Ndipo Arafa akasimama.

"Mimi nimechanjwa, na nyie nawaomba mchanjwe. Lakini mkiitanguliza kadi, watu watatafuta kadi. Sindano wataikwepa."

"Tukingoja kila mtu aridhike," Mudrik akamjibu, "tutazikana kwanza."

Mikono ikanyooshwa, kamba ikashinda. Na kwa kuwa Arafa ndiye aliyewajua waliochanjwa, akapangiwa kukaa yeye na daftari lake kwenye mwanya wa kuingilia.

Siku mbili baadaye Mudrik alimfuata Shamte shambani, akamwekea kiganjani kadi tupu yenye muhuri. "Jaza jina lako, mzee wangu. Bila wewe hatuna uwanja. Usiniulize nimeitoa wapi." Alisema hayo akiitazama mihogo.

Shamte akaijaza.

Siku ya fainali alipiga mistari asubuhi, kamba haijafungwa. Alasiri akarudi na kopo lake, akapanga foleni kama watu wengine. Mbele yake alikuwa Maliki, mvuvi wa dago, kambi ya wavuvi wageni, aliyetoka Kilwa msimu ule. Arafa akaitazama kadi yake, akafunua daftari.

"Jina lako halimo, kaka."

"Kadi ninayo, dada."

"Kadi unayo. Chanjo huna."

Maliki akasogea pembeni, lakini hakuondoka. Alimwona anayefuata. "Haya," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "tuone na la baba."

"Huyo hakaguliwi," Pazi akadakia kutoka nyuma. "Huyo ndiye uwanja."

"Shikamoo, baba," alisema Arafa.

"Marahaba."

Akapokea kadi. Shamte aliziona kurasa za daftari zikifunuliwa na mtu asiye na haja ya kuzisoma. Akaunyoosha mkono wake, akaichukua kadi ile taratibu.

"Hii si yangu," akasema. Akaliweka kopo chini, akaondoka. Nyuma yake Maliki hakucheka.

Kipindi cha pili mistari ilifutika. Mpira ukaangukia langoni kwa Kiegeani, hawa wakasema umevuka, wale wakasema haukuvuka, na fainali ikavunjika kwa matusi.

Jioni, kwenye sinia, Arafa ndiye aliyeanza.

"Mbona uliondoka, baba?"

"Niliona unafunua kurasa bila kuzisoma. Sikutaka unirudishe mbele za watu."

"Sikuwa nakurudisha." Alikuwa akilifinyanga tonge bila kulila. "Nilikuwa natafuta mstari mtupu, niandike jina lako."

Tangu alasiri Shamte alikuwa akijifariji kwamba amemwondolea mwanawe mzigo. Sasa hakujua amshukuru au amkemee, na kila alilotaka kumwambia lilimrudia mwenyewe, maana kadi aliijaza kwa mkono wake.

"Na yule Maliki uliyemrudisha?" akauliza hatimaye.

Arafa akainuka kwenda kuchota maji ya kunawa, na wala hakuna aliyekuwa amemaliza kula.