Ganda la Sita

Mbunifu wa maganda ya simu huanza kila kazi na kipande cha sabuni. Hukichonga kwa kisu cha jikoni, kisha hukaa nacho mfukoni wiki nzima. Kona ikimchoma paja, anachonga kingine bila kinyongo. Jana alimpelekea mama yake ganda la sita la plastiki, tupu, halina hata waya ndani. Yale matano ya kwanza yalimdondoka mama begani, sebuleni humo humo. Mama akalibana kati ya sikio na bega, akaendelea kukunja nguo. Shuka la kwanza, la pili, hadi la nne. Ganda limetulia tuli.

"Vipi, mama?" akauliza, roho mkononi.

Mama akamnyamazisha kwa kidole. "Hebu nikupigie baadaye," akaliambia ganda. "Mwanangu amekuja, na sura yake inaonyesha hajala tangu asubuhi."