Kikapu cha Misri

Jino langu la kwanza la ukubwani lilitolewa na fundi baiskeli. Watu wa siku hizi wakisikia hivyo wanacheka, lakini hapo Gitega, mtaa wetu wa Waswahili, mganga wa meno alikuwa mbali na fundi baiskeli alikuwa na koleo. Aliifuta kwa kitambaa kile kile cha kufutia minyororo, akaniambia nimtazame kunguru juu ya paa. Nilitazama, sikumwona kunguru. Katika mambo yote ambayo sijayaelewa duniani, na ni mengi, hilo ndilo la kwanza: kwa nini kunguru, kwa nini si njiwa.

Jino lililotoka halikuwa lile lililouma. Ilibidi nirudi kesho yake, na shavu likavimba kama andazi. Na hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya uhuru wetu Warundi. Mji mzima unapiga vigelegele, mimi nina ndevu tatu kidevuni na siwezi hata kufungua mdomo niseme uhuru. Kwa hiyo nilikwenda kukaa kwenye baraza la fundi cherehani, kwa sababu yule alikuwa mtu wa kuzungumza peke yake, hakuhitaji kujibiwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, umri wa wenzake waliokuwa wakiozesha mabinti, na yeye mwenyewe hajaoa. Wiki ile alikuwa anashona bendera ndogo ndogo, watu wafunge kwenye baiskeli na milangoni. Bendera yetu ya kwanza, wasioikumbuka nawaambia, ilikuwa na duara jeupe katikati, na ndani ya duara ngoma, na juu ya ngoma mtama. Fundi aliichora kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ngoma yake ilitoka nyembamba chini na pana tumboni, na ule mtama ukakaa juu yake kama kifuniko chenye ncha. Kwa kifupi alishona agaseke, kile kikapu kidogo cha kwetu ambacho kila bibi anacho.

Wa kwanza kuona alikuwa fundi baiskeli, huyo huyo wa jino langu.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ngoma."

"Ngoma iko na kifuniko?"

"Ule ni mtama."

"Hapana, bwana. Mi nikiona hii nasikia njaa ya maharagwe."

Baraza zima likacheka. Mimi nilicheka kwa upande mmoja. Na fundi cherehani, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akasema, "Hata kama ni kikapu, kuna ubaya gani? Nabii Musa alielea ndani ya kitu gani? Kikapu kile kilifumwa hapa kwetu."

Nilikuwa karibu naye, niliona uso wake. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Akalisikia kama tulivyolisikia sisi, akasimamisha cherehani, akalitafakari. Tangu siku ile akawa mtumwa wa neno lile.

Mimi shule nilisoma miezi saba. Padri alitaka nibatizwe, baba hakutaka, kila mmoja akanivuta upande wake nikatoka mikono mitupu. Kwa hiyo sikuwa na elimu ya kumpinga fundi. Wenye elimu walijaribu. Mwalimu wetu wa chuoni alikuja na msahafu kwapani.

"Kitabu kinasema sanduku, fundi. Mama yake alimtia ndani ya sanduku."

"Wale wa misheni wanasema kikapu cha mafunjo."

"Sasa we ni wa misheni?"

"Mi ni wa mafunjo. Mafunjo yanaota wapi, mwalimu? Si hapa chini mtoni?"

"Kwa hiyo Musa ni Mrundi."

"Hapana, sikusema hivyo. Mtoto ni wa kwao. Mtoto mchanga hawezi safari ile, atakufa njiani. Kikapu tu ndicho cha kwetu. Kilifika kitupu, mama wa watu akakiokota, siku ya shida akakitumia. Halafu jiulize, mke wa Firauni alikiokota kwa nini? Malkia hawezi kuinama mtoni kwa kikapu cha kwao, vya kwao anavyo. Aliinama kwa sababu aliona kitu kigeni."

"Bendera imekushinda," mwalimu akamwambia, "sasa unaitaka Misri."

Lakini mwenye duka la vitambaa, Mhindi mmoja mpole ambaye fundi alinunua kwake kila mita ya kitambaa, alikuwa na ramani katika kitabu cha shule cha mwanawe. Akaifungua juu ya meza ya kukatia nguo, akafuata mstari wa bluu kwa ukucha. Ruvubu inapita karibu na Gitega, inashuka Muyinga, inaingia nchi ya Tanganyika, inajiunga na mto mwingine, inamwagika ziwani karibu na Bukoba, inatoka ziwani, inakwenda, inakwenda, mpaka ukucha ukafika ukingo wa juu wa ukurasa.

"Misri," akasema. "Maji yanafika. Kikapu sijui, lakini maji yanafika."

Fundi hakula siku ile. Niseme pia kwamba miaka ile watu walianza kuulizana sana nani ametoka wapi, nani amekuja kutoka kaskazini na lini. Fundi peke yake alikuwa anahesabu vilivyokwenda.

Baadaye ngoma ikaondolewa kwenye bendera, zikaja nyota. Akazishona sawasawa, hakuna aliyecheka, na nadhani hilo lilimuudhi.

Leo hapa Muyinga, ninakoishi sasa, utakuta watu wanaokusimulia kwamba fundi alifika Misri. Wenye baiskeli wa Giteranyi, wanaovuka mpaka kama wewe unavyovuka uwanja wa nyumba yako, walituletea habari kila mwaka: ameonekana Bukoba anashona, ameonekana Mwanza ana wake wawili, ameonekana kwenye meli. Mmoja aliapa kwamba amegeuka kiboko. Hizo mimi sizijui. Ninachojua ni nilichokiona, na hicho chenyewe kina tundu katikati.

Fundi alikuwa anapanda kamiyo, lile lori la mizigo, kuja soko la Muyinga kuuza kaptula. Sokoni kulikuwa na mjane kutoka Gasorwe aliyeuza vikapu. Ukimimina maziwa ndani ya kikapu chake hayavuji hata tone. Fundi alimimina. Nadhani alipenda kikapu kwanza, mwenye kikapu baadaye kidogo, lakini alipenda kwelikweli, mpaka akapunguza kusema. Akanituma mimi niwe mshenga.

Niseme mapema, msije mkadhani nimeficha: mjane huyo ndiye mke wangu. Sasa hivi yuko jikoni, ananiuliza ninaandika nini, nimemwambia ni barua.

Nilimkuta sokoni, nikamwambia maneno ya fundi. Akaendelea kufuma. Halafu akasema, "Mwambie mi namtaka. Lakini siolewi na mtu anayechekwa kutoka hapa mpaka Bukirasazi. Wakimcheka yeye watanicheka na mimi. Nitafuma kikapu, akitie mtoni kwenu Gitega. Kikifika kivukoni kwetu kinaelea, nitawacheka mimi, na ashone nguo ya harusi. Kikizama, asahau."

"Asahau Misri?"

"Na mimi. Mwanamume aliyeshindwa na kikapu hasira yake ataimalizia kwangu."

Fundi akampelekea uzi mwekundu wa cherehani aufume ndani ya kifuniko, ili kikapu kitambulike. Niliubeba mimi. Ulikuwa uzi mwingi, wa kutosha vikapu viwili. Wakati ule nilifikiri tu kwamba fundi anapenda.

Kikapu kilipokuwa tayari tukagawana kazi. Fundi alitangulia Muyinga kungoja kivukoni. Mimi nilibaki kukitia mtoni, nikapanga kumfuata kwa kamiyo. Asubuhi nikashuka mpaka darajani, nikapiga bismillahi, nikakiweka juu ya maji. Kikazunguka mara mbili kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kikashika njia. Nikakifuata ukingoni. Mbele kidogo gogo likakiegemea, kikaingia kwenye mafunjo, na ile ncha ya kifuniko ikainama polepole, ikazama. Nilikaa pale mpaka alasiri. Haikutoka.

Sasa ndiyo sehemu ya aibu. Nilipofika kivukoni fundi alikuwa amesimama kwenye jua, kanzu mpya, furushi la nguo ya harusi kwapani. Akaniuliza, "Kinakwendaje?"

Nikasema, "Kiko njiani."

Nilijiambia ni huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini mtu akikaa miaka mingi na uongo mmoja anaujua kila chumba, na chumba kimoja kilikuwa na mjane anayefuma. Kama kikapu hakifiki, basi hakifiki, na mimi sikuwa nimemzamisha mtu.

Tulingoja siku nne. Wavushaji wa mtumbwi walimtania fundi mpaka wakachoka. "Fundi, Musa mwenyewe amekuandikia?" "Fundi, ikipita ngoma tuikamate?" Yeye anacheka nao, macho mtoni. Kila asubuhi anapangusa vumbi kwenye furushi.

Siku ya tano mjane akaja na chakula, kama saa tano hivi. Pindo la kitenge chake lilikuwa limelowa mpaka magotini.

"Umande," akasema, kabla sijauliza.

Umande wa saa tano mimi sijauona, wala kabla wala baada. Akakaa, akafungua chungu, akatupakulia ndizi na maharagwe. Hatujamaliza tonge la tatu, mvushaji mmoja akasema taratibu, kama mtu anayesema mvua inakuja, "Fundi. Tazama."

Kilikuwa katikati ya mto, kimesimama wima. Kifuniko kina ncha, na kwenye ncha uzi mwekundu. Maji yalikuwa na haraka upande ule na mtumbwi ulikuwa ng'ambo, hakuna aliyeweza kukifikia. Kikatupita mbele ya macho yetu kama mgeni asiyetaka kusumbua watu.

Mimi nilikuwa nimekiona kikizama. Labda kiliibuka. Mto una mambo yake, na mimi niliondoka alasiri, sikukaa mpaka jua lizame. Au labda. Miaka yote nimemuuliza mke wangu, kwa upole, kwa hasira, na siku moja nikiwa na homa ili anihurumie. Nilimuuliza ule uzi mwingine uliishia wapi. Jibu lake ni moja: "Kula, chakula kinapoa." Na mimi mwenyewe niliwezaje kumbana? Ili nimwambie kilizama, lazima kwanza nimwambie nilidanganya. Akisoma hapa atajua, na labda atacheka, maana nadhani amejua siku nyingi.

Fundi alisimama. Hakupiga kelele. Mvushaji mmoja akavua kofia.

"Kimefika," fundi akasema.

"Nimekiona," mjane akasema. "Neno langu ni lile lile."

Fundi alimtazama. Alimtazama vizuri, sitaki mtu aseme hakumtazama. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepewa vitu viwili akiwa na mkono mmoja. Halafu akatazama mto, na kikapu kilikuwa tayari kinakaribia kona.

"Kama kimefika hapa," akasema, "basi kinafika kule."

"Kule wapi?"

"Wacha nikione mpaka kwenye kona tu."

"Chakula?"

"Nifunikieni."

Akavua viatu, akavipanga kando ya chungu. Furushi la nguo ya harusi akaliweka kwenye mapaja ya mjane, akalipangusa vumbi kwa kiganja, ingawa lilikuwa safi. Akashika kanzu kwa mkono mmoja, akashuka kwenye njia ya wavuvi inayofuata ukingo.

"Fundi," nikamwita. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, kilizama, kilizama mbele yangu, na mjane akanitazama, nikayameza.

"Nakuja, mdogo wangu," akasema bila kugeuka.

Mjane alichukua sahani akafunika ndizi zake. Tulimwona akitembea na kikapu, yeye ukingoni, chenyewe majini, hatua kwa hatua, kama watu wawili wanaozungumza. Kwenye kona kikapu kikatangulia kupotea. Yeye akaharakisha kidogo, akapita mafunjo, tukaona kichwa chake, kisha mafunjo peke yake, na hakurudi tena.