Msahihishaji aliyeuliza watu wa mwaka 2190 wamekwenda wapi

Saa mbili na nusu asubuhi, mashine za kiwanda cha uchapaji zinaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Kwenye chumba kidogo kando ya stoo ya karatasi, mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, anainamia prufu, nakala ya majaribio, ya kijitabu. Kalamu nyekundu inashuka mstari kwa mstari, kisha inasimama.

"Jeshi hili la anga limepigana mwaka 2214," anasema bila kuinua kichwa. "Ukurasa wa tisa wanasema liliundwa mwaka 2230. Limeenda vitani kabla ya kuzaliwa."

Kiwandani wanamwita Mama Nukta. Ana umri wa miaka 54, na kwa miaka 27 amesoma kila kitu kabla hakijachapwa: vitabu vya shule, kalenda, maelezo ya dawa, kadi za harusi. Anadai ameokoa ndoa moja. Kadi mia nne zilikuwa tayari kuchapwa zikiwa na jina la bibi harusi wa harusi ya wiki iliyotangulia.

Miaka mitatu iliyopita kiwanda kilipata kazi ngeni: matoleo ya Kiswahili ya michezo ya vita ya mezani kutoka ng'ambo. Kila boksi lina ramani ya anga, kete za karatasi ngumu zinazosimamia majeshi, dadu mbili, na kijitabu cha historia ya kubuni ya miaka mia mbili au tatu ijayo, ili mchezaji ajue nani anapigana na nani, na kwa nini.

Cha kwanza kilikuwa na kurasa 48. Nchi ya mtunzi ndiyo iliyobuni vyombo vya kufika kwenye nyota, na majemadari wake ndio waliokuwa na huruma. Maadui zake wa enzi za mababu walikuwa bado waongo na waoga, isipokuwa sasa uongo wao waliufanyia karibu na sayari ya Zohali.

Sehemu ya dunia anayotoka Mama Nukta ilipata mstari mmoja: "Baada ya Vita vya Maji vya mwaka 2190, eneo hilo halikusikika tena."

"Nilirudia mara tatu," anakumbuka. "Nilidhani kuna ukurasa umechomoka."

Boksi la pili lilitoka nchi nyingine, na humo nchi hiyo nyingine ndiyo iliyotawala. Likaja la tatu, la nne. Alipofika la tisa alikuwa na daftari lililojaa.

"Mwamba ngoma huivutia kwake," anasema. "Ukitaka kujua mtunzi katoka wapi, usihangaike na jalada. Tazama nani anamiliki mwezi."

Mwaka jana mchapishaji wa boksi la kwanza aliagiza toleo la pili. Kwa kawaida msahihishaji hujaza karatasi ya maswali inayokwenda moja kwa moja kwa mteja: tarehe zisizolingana, majina yaliyoandikwa namna mbili. Mama Nukta aliongeza swali moja. "Ukurasa wa 31: watu wote hawa wamekwenda wapi?"

Meneja aliliona wakati karatasi imeshatumwa. Mteja huyo peke yake anawapa kazi wafanyakazi kumi na mmoja.

"Nilimwambia, mama, sisi tunakulipa kwa nukta na mikato, si kwa sayari," anasema meneja. Hacheki anapolisimulia. "Wiki tatu mteja kimya. Nilishaanza kufikiria nani nitamwambia abaki nyumbani."

Mama Nukta anakubali kwamba meneja alikuwa na haki. "Swali nililiuliza mimi, lakini jiko ambalo lingezimika ni la mwenzangu."

Jibu lilipokuja, lilitoka kwa mtunzi mwenyewe, mzee aliyeanza kubuni michezo hiyo tangu ujana wake. Liliandikwa kwa mistari minne. Alisema hakuwahi kujiuliza swali hilo, naye hajui jibu. Akaomba: andika wewe, kurasa mbili.

Aliziandika kwa siku sita, akiwa na furaha ambayo anasema hakuijua tangu alipokuwa shule. Nchi yake ilivishinda Vita vya Maji. Ikajenga mji kwenye mwezi. Ikawa na kikosi cha meli za anga mia nane. Nchi ya jirani, ile wanayotaniana nayo kwa mpira na kuzozana nayo kwa mpaka, aliipa kazi ya kuosha meli hizo.

Kaka yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, alizisoma akacheka mpaka akavua miwani.

"Mdogo wangu, hawa jirani wamekukosea nini?"

"Ni mchezo tu, kaka."

"Hata yule mtunzi wa mstari mmoja angesema hivyo hivyo."

Mama Nukta alimnunia kaka yake siku nne na hakubadili neno. Kurasa zikapangwa, zikachapwa sampuli, zikafika kwenye mashine ya kukatia karatasi. Hapo kuna fundi anayeitwa Wembe, mtu mpole mwenye vidole kumi kamili, jambo la kujivunia katika kazi hiyo. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Wembe alisaidia kubeba jeneza la mume wa Mama Nukta. Kwao ni nchi ile ya jirani.

Wembe alisoma akiwa amesimama. Halafu akaja mlangoni kwa Mama Nukta na karatasi mkononi.

"Kwa hiyo, dada, miaka mia mbili ijayo wajukuu zangu wanawaoshea vyombo?"

"Alitabasamu," anasema Mama Nukta. "Afadhali angefoka. Nilitafuta pa kuuweka uso wangu."

Mama Nukta alichukua kurasa zile, akazichana mbele yake, akavuta kiti. Mchana ule wakaanza upya kwenye meza ya kukatia. Haikuwa rahisi. Wembe naye alitaka mji wa mwezini uwe wao. Wakabishana siku mbili, hadi Wembe akatoa wazo: mtu asiandike sehemu ya kwao, aandike ya mwenzake, na mwenzake aikubali kabla haijapita.

"Kumbe ndiyo kazi," anasema Wembe. "Kwangu mimi ningejaza ushindi tu. Lakini kwake ilibidi nimuulize: ninyi mngeshindwaje? Na mngeona aibu kwa lipi?"

Wembe aliipa nchi ya Mama Nukta kushindwa kukubwa na kuzuri: meli zake ziliacha vita ili kuwakokota raia kutoka kituo cha anga kinachoungua. Mama Nukta akaipa nchi ya Wembe miaka arobaini ya njaa, na wahandisi waliovumbua namna ya kuvuna maji kwenye vimondo.

Mtunzi alipunguza nusu ukurasa, kilichobaki akakichapa katika toleo la Kiswahili. Katika toleo la lugha yake mstari wa zamani bado upo. Mama Nukta aliuliza sababu, akaambiwa wachezaji wameshauzoea.

"Sijaridhika," anasema. "Ila sitasema sijapata kitu."

Meneja sasa husoma karatasi ya maswali kabla haijatumwa. Hajafuta swali hata moja.

Mama Nukta anastaafu mwakani. Yeye na Wembe wanatengeneza mchezo wao wenyewe, wa nchi kumi na mbili, kwa kanuni ileile: hakuna anayeandika ya kwao. Waandishi watano wamepatikana. Wa sita angekuwa kaka yake, lakini mwalimu amegoma. Nchi aliyopangiwa, anasema, hajui chochote kuhusu watu wake.

"Nikamwambia, kaka, hapo ndipo pa kuanzia," anasema Mama Nukta, akichukua prufu nyingine. "Mjini humu wapo. Nenda kawaulize."