Nyapara wa Gunia

Kahawa iliyoharibika shambani kwetu Mbozi, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, sehemu kubwa niliiharibu mimi, na niliiharibu kwa adabu njema.

Tulikuwa wanawake tisa kwenye shamba la mzungu mmoja, kazi yetu kuosha kahawa birikani na kuianika kwenye vichanja. Watano tulitoka Ibaba, tumeolewa ukoo mmoja, na nyapara wetu alikuwa baba mkwe wa sote: alimzaa mume wangu, na waume wa wenzangu walikuwa watoto wa ndugu zake. Kwetu Wandali mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke anajitanda nguo usoni na kuingia kichakani mpaka mzee apite. Ibaba hilo halikuwa na shida, maana vichaka vilikuwa tele. Kwenye vichanja vya mzungu hapakuwa na hata kimoja.

Basi nyapara akitokea, watano tunatawanyika. Kahawa inalala birikani mpaka inanuka. Wale wanne waliobaki, Wanyiha watatu na Mnamwanga mmoja wa upande wa Tunduma, wanakunja mikono, kwa kuwa hawakuajiriwa kufanya kazi ya watoro. Siku moja mvua ilishuka ghafla. Mzee wa watu akaja mbio kutusaidia kufunika. Tulipomwona tukatupa turubai, tukakimbia. Naye akageuka akakimbia upande wake ili sisi turudi. Tukarudi. Akaona turubai linapeperuka, akarudi. Tukakimbia tena. Wale wanne walicheka mpaka wakakaa chini matopeni, na kahawa ikalowa yote.

Bwana mkubwa akamwita nyapara: kahawa ikinuka tena, yeye na ukoo wake wote watahama, na nyumba zao za shamba zitabomolewa. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na bado nilikuwa nakimbia vizuri. Niliogopa sana kuzalia barabarani. Lakini kuliko woga nilikuwa na hasira, kwa mzungu, kwa mzee, hata kwa wale Wanyiha na vicheko vyao. Niliwaambia wale wanne hivyo wazi, nikilia.

Kisha yule Mnamwanga akasema, "Awe, sivyo! Watu watano mnajificha kwa mtu mmoja? Si mumfiche yeye!"

Akachukua gunia tupu, akalitoboa tundu la pua na mdomo, akampelekea mzee. Nilidhani atachapwa. Mzee aliuliza tu kama limefuliwa.

Kesho yake alikuja amelivaa mpaka mabegani, ameshika fimbo, na Mnamwanga ameshika ncha ya mbele akimwongoza. Hatukukimbia. Kwa kuwa haoni, alikagua kahawa kwa vidole, kwa pua na kwa meno, na hapo ndipo tulipokoma kumdanganya kwa kuficha mbovu chini ya nzuri. Kusema nasi moja kwa moja hakuweza, hivyo alimwambia Mnamwanga, naye akatuambia, ingawa tulisimama hatua mbili tu na tulisikia kila neno. "Nyapara anasema geuzeni kahawa." Mara nyingine aliongeza ya kwake: "Anasema mjamzito akae chini, achambue mbovu." Mzee hakusema hivyo. Ila angemkanusha vipi bila kuzungumza na mkwe? Wanyiha wakajitwalia kazi ya kutazama mawingu. Watano tukashika birika kwa zamu, na kahawa ikaacha kunuka.

Bwana mkubwa alipokuja kukagua, alimkuta nyapara wake ndani ya gunia.

"Vua!" alifoka.

Tukashika nguo zetu, mguu mmoja mbele.

"Bwana, nifukuze kazi," mzee alisema. "Gunia sivui. Hapa wapo wake za wanangu."

Nilimwonea huruma. Mzungu alitazama gunia, akatutazama sisi, akachota kahawa kwenye kichanja, akainusa kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia Mnamwanga.

"Mwambie aendelee," alisema, na mzee yupo hapo hapo mbele yake.

"Bwana anasema uendelee," akasema Mnamwanga.

Baada ya mwezi tulisikia kwamba shamba la jirani nalo limemvisha nyapara wake gunia. Masikini yule hakuwa na mkwe hata mmoja pale, na kahawa yao ilibaki vile vile.

Mwanangu alizaliwa kwenye nyumba ya shamba, haikubomolewa. Mzee nilimpikia miaka mingi, na nilichokijua kwake ni visigino tu. Wanyiha walipokuja kumwona mtoto walishangaa, wakasema ni babu yake mtupu, kuanzia paji la uso hadi kidevu. Walipoondoka nilifunga mlango, nikamlaza mtoto mapajani, nikamtazama mpaka akaanza kulia.