Barasa na Ule Moto Aliouweka Nje ya Nyumba

Watu wangu, bado nangoja mtu anipigie simu aseme wamekosea. Barasa ametuacha. Jumanne alikuwa anakata mti nyuma ya nyumba yake hapa DeSoto, Texas, ukamwangukia. Jamani!

Wengi mnamjua kama yule nesi mrefu wa hospitali ya kule Richardson, wa kuchekesha wagonjwa. Tulikuwa wodi moja miaka mingi, lakini nilimjua vizuri ile winter aliyoamua kununua boila ya kuni ya kupasha nyumba joto.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Bungoma kukaa naye na mkewe. Baridi ilimtesa, na hita ya gesi hakuitaka kabisa. Heri alale na koti.

Tukiwa break room nikamwambia Barasa, "Si umweleze tu kwamba hita ni salama?"

Akanisimulia kuhusu dadake mdogo, aliyekufa usingizini wakiwa watoto, jiko la makaa likiwa ndani na madirisha yamefungwa. "Akinyi, mama yangu hawezi kulala nyumba moja na moto. Basi moto utakaa nje."

Akaanza research. Muuzaji mmoja alitaka kumuuzia ile kubwa kabisa. Akakataa. "Hii ni Texas, si Alaska! Kubwa hivyo itakuwa inafuka tu, moshi wote kwa jirani."

Akachukua ndogo, kama kibanda cha kuku chenye bomba la moshi. Moto unapasha maji, pampu inayasukuma chini ya ardhi mpaka ndani, feni inasambaza lile joto vyumbani.

Mtaro wa mabomba tulichimba watu watatu: mimi, yeye na mkewe Nafula. Udongo mweusi wa huku unanata kwa koleo kama ugali. Nafula akasema, "Wenzangu wanapelekwa cruise baharini."

Kwa mabomba Barasa hakutaka mchezo. Lazima yawe yale yaliyofunikwa vizuri, yasiyoingiza maji. "Tukiweka ya bei rahisi tutakuwa tunapashia minyoo joto."

Siku ya kuwasha, moto ukawaka vizuri, nyumba ikabaki baridi! Mama akatoka na blanketi mabegani. "Barasa, mwanangu, huko nje unampasha nani?"

Kumbe hewa ilikuwa imekwama kwenye bomba. Tulipoitoa, maji yakapita. Jioni ile Mama alivua koti sitting room. Barasa akageukia ukuta, asituonyeshe machozi.

Nafula aliogopa ile kazi ya kukata miti tangu mwanzo. Alimsihi anunue kuni zilizokatwa tayari, naye akakubali. Kwa nini hukununua, Barasa? Nimekukasirikia, na hasira yenyewe sijui niipeleke wapi.

Juzi tulijaa kwenu kuomboleza. Nyumba ilikuwa na joto, watu wanavua makoti. Mama alikuwa akiongeza kuni mwenyewe tangu Jumanne, moto usizimike.

Nafula akasimama. "Kizimeni hicho kitu. Tafadhali. Hizo kuni ndizo zilizoniulia mume."

Mama akamjibu polepole, "Moto wa mwisho aliouwasha mwanangu, mnataka nani auzime?"

Wote wakanitazama, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naye wakati wa kuiweka ile mashine.

Mama ndiye aliyeinuka. Akaniambia, "Njoo unionyeshe." Tukatoka nje. Nikamwonyesha kidirisha kinachoingiza hewa motoni. Akakifunga kwa mkono wake, akabaki amekishika.

Nafula alikuwa ametufuata. Akamkumbatia kwa nyuma. "Mama, twende ndani." Walilia pale hadi nikashindwa kuwatazama.

Asubuhi yake nilirudi kumwaga maji ya boila, mabomba yasipasuke kwa baridi. Maji yalitoka yakiwa bado vuguvugu. Yalichukua muda mrefu kuisha, nami nilisimama pale hadi tone la mwisho.

Jirani ameleta hita za umeme, zisizo na moto. Mama amekubali moja chumbani kwake. Nafula analala naye, kitanda kimoja.

Barasa, utasafirishwa nyumbani Bungoma, na wote wawili wataandamana nawe. Sisi wa huku tutawapeleka airport.

Jana nilirudi kazini. Yule mzee wa kitanda cha dirishani akaniuliza yule mrefu wake yuko wapi: "Where's my tall guy?" Sikuweza, Barasa. Nilimwambia umeenda kumpeleka mama yako nyumbani.

Lala sasa, rafiki yangu. Lala vizuri.