Kiu ya Hana

Penina hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na akisikia ninamwandika hivi atanuna wiki nzima. Ni mfanya usafi katika zahanati binafsi ya Area D ninakofanya kazi maabara, na kwa miaka mitatu sakafu yangu iling'aa hadi nikaona haya kuikanyaga. Kwao ni Mvumi. Alikuja mjini na mumewe Sila, ambaye ni mlinzi kule Mtumba, na binti yao mmoja, Hana, mwenye miaka saba. Ulimi anao. Wagonjwa wanaotema mate chini humwogopa kuliko wanavyoogopa sindano.

Sifa yake kubwa, ya kujitangazia mwenyewe, ilikuwa malezi. Akina mama wakikaa kwenye benchi na kulalamika kwamba watoto wao wanakojoa kitandani, Penina aliegemea dekio lake na kutoa somo.

"Mtoto akishakula mchana, maji basi, mpaka kesho asubuhi. Wangu alikuwa anakojoa kila siku, godoro likaoza. Nikamfunga mdomo. Mbona sasa godoro kavu?"

Kwa jinsi maji yanavyokatika mitaani kwetu, kufua mashuka kila siku ni adhabu, kwa hiyo walimsikiliza. Mimi nilikuwa nacheka. Nilikaa chuoni miaka mitatu nikisomea damu, nikamsikia Penina kwa masikio yangu, nikacheka.

Hana alikuwa mwembamba, macho yake yana umanjano kidogo. Mara kwa mara alilia mifupa. Penina alimchua kwa mafuta, na mwaka jana alimpeleka kwa mtu akachanjwa chale magotini. Aliniambia mtoto anadeka.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, jua likiwa la kupasua midomo, alifika amembeba mgongoni, mtoto mzima wa miaka saba. Shule ilikuwa imemrudisha. Hana aliniamkia shikamoo kwa sauti ya kusikiwa kwa shida. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Daktari akamlaza chumba cha mapumziko, akamwangalia macho, akaniandikia kipimo cha selimundu.

"Mundu?" Penina aliuliza. "Nani kamkata? Mundu huu wa kuvunia mpunga Bahi?"

Nikamweleza kwamba ni jina tu la ugonjwa wa damu. Mwili wote umejengwa kwa seli, vitu hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando unaochagua cha kuingia na cha kutoka, na nyingi zina kiini ndani cha kuziongoza. Seli nyekundu ya damu ikikomaa hutupa kiini chake, ipate nafasi ya kubeba oksijeni na basi. Inatakiwa iwe duara na laini, ijikunje ipite katika mshipa mwembamba kuliko unywele.

"Haya, zipime hizo duara, nikamalize korido," alisema.

Nilichanganya tone la damu ya Hana na dawa ya kuondoa oksijeni, nikalifunika kwa kioo, nikasubiri. Nilipoinamia hadubini nilizitambua mara moja. Nimeona selimundu nyingi, lakini za watoto nisiowajua. Huyu alikuwa akinisomea vitabu vyake vya shule mlangoni pangu, na sikuwahi hata siku moja kumtoboa kidole. Sikupaswa kumwonyesha mama yake. Nilimwonyesha, kwa sababu najua Penina haamini maneno, na kwa sababu nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Nilianza na damu yangu.

"Vitumbua," alisema, akacheka.

Nikaweka ya Hana. Akasogeza jicho karibu zaidi.

"Hizi zimepinda. Zina ncha."

"Ndiyo hizo, Mama Hana. Zikifika kwenye mshipa mwembamba zinakwama, zinaziba njia, na mbele ya hapo mwili unakosa oksijeni. Ndiyo maumivu yake. Hadeki. Atapelekwa hospitali kuthibitisha."

"Nini kinazipinda, dokta?" Ananiita dokta ingawa si dokta.

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwa kukariri. Himoglobini iliyomo ndani ya seli, ile inayobeba oksijeni, ina kasoro, mtoto kairithi kwa baba na kwa mama. Homa inazipinda, baridi pia.

"Na kukosa maji. Maji yakipungua mwilini, hata yale ya ndani ya seli yanatoka kwa kupita kwenye ule utando. Seli inasinyaa, himoglobini inabanana, seli inapinda. Na figo za watoto hawa haziwezi kubana maji, ndiyo maana wanakojoa sana. Wanatakiwa wanywe kutwa..."

Nikasikia nilichokisema. Naye akasikia.

Aliondoa jicho kwenye hadubini taratibu. Hakulia. Uso wake ulikuwa mtupu, na mimi niliogopa kuliko kama angepiga kelele.

"Kutwa?"

"Kutwa nzima."

"Hata baada ya chakula cha mchana?"

"Hata baada ya hapo."

Alikaa chini, juu ya sakafu aliyokuwa ametoka kuideki, ikiwa bado mbichi. "Mwaka na nusu," alisema. "Nilikuwa naficha kikombe. Siku moja alikunywa maji ya kunawia, nikamchapa. Dokta, nikamchapa!"

Ningeweza kumwambia hakujua, na ingekuwa kweli. Lakini mimi nilijua, na nilikuwa nacheka pale kwenye benchi. Nikazima taa ya hadubini.

Aliinuka mwenyewe, akajaza kikombe kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akaenda kwa Hana. Nilimfuata.

"Kunywa, mwanangu."

Hana akatazama kikombe, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro. Midomo yake ilikuwa imepasuka, mpasuko mmoja una damu kavu.

"Sina kiu, mama."

"Kunywa."

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua mpaka tone la mwisho. Kisha akamrudishia mama yake kikombe haraka, akainua mkono kukinga uso.