Mpira Ulioanza Kunata

Ukatae kama unataka, lakini juma hili, hapa Kalemie, nimeona muuza dawa akimucheka mama mugonjwa mbele ya watu.

Mama alisema polepole. Bwana yake anafanya kazi mbali, Kabalo, na walipatana anunue kichezeo cha kitandani, cha mpira. Sasa mpira umelainika, unanata, na yeye anawashwa mpaka halali.

Muuza dawa akainua sauti: "Mukuje musikie. Sitwayeni huyu, raia mwenzetu, ameolewa na mpira."

Watu wakacheka. Mama akaweka mikono miwili juu ya meza. "Papa, niliuliza dawa. Kama haujui, sema haujui."

Hasira ikanipanda. Mimi niliacha shule mapema, lakini najua mafuta yanakula mpira. Unauosha na maji na sabuni, unaukausha kivulini, basi. Cha kioo hakiogopi mafuta, kinaogopa kuanguka. Cha mbao kinakunywa uchafu, usikinunue. Na huyu mwenye koti jeupe anajua kucheka tu. Nilimufokea mpaka akatoa pomadi ya kupaka penye kuwasha.

Mama akaipokea, akanitazama, hakunishukuru.

Sehemu niliyoruka njo hii: mambo ya mafuta fundi wa matairi alinieleza nyuma, wakati nilikuwa nimeisha kumuuzia mama kile kichezeo na kumushauri akipake mawese.